NGOZI YETU SI TANKI YA KIWANDA

Tamko kwa vijana wa Bukavu, Goma, Uvira, Butembo, Kisangani, Kalemie, Lubumbashi na kila mji wenye soko



Leo hatusemi juu ya uchaguzi. Hatusemi juu ya barabara wala umeme wenye kukatika. Tunasema juu ya neno moja lenye kuandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya tibu ya krema, pale hakuna mtu anaangalia: hydroquinone. Siye tutaliandika vile tunalitamka: idrokinoni.

Munalijua hata kama hamujawahi kulisoma. Liko ndani ya krema na mafuta mengi ya kung'arisha ngozi. Liko ndani ya makopo yasiyo na etikete yenye kuchanganywa nyuma ya duka na kuuzwa kwa kipimo cha kijiko. Dada anapakaa asubuhi mbele ya kwenda kazi. Ndugu naye anapakaa usiku, kisha anakana. Tusidanganyane: si wanawake peke yao.

Kuna maneno mengi yenye watu wanasema juu ya mafuta haya: aibu, urembo, wazungu, Biblia, wanaume wanapenda nini. Siye leo tunauliza swali lingine. Hii kitu, kazi yake ni gani? Wenye kuitengeneza wanaiuza kwa nani, na hao wengine wanaitumia namna gani? Ukishajua jibu, hasira yako itahama. Itatoka kwa dada yako, itaenda kwa Leta na kwa wafanyabiashara wakubwa. Pale njo mahali pake.

MLINZI WA TANKI

Idrokinoni ni unga mweupe. Viwandani iko na kazi nyingi. Wapiga picha wa zamani wanaijua: njo ilikuwa inatokeza picha za nyeusi na nyeupe ndani ya chumba cha giza, na filamu za radio za hospitali pia. Lakini kuna kazi moja kubwa yenye watu hawaijui, na pale njo tunataka mufike pamoja na siye.

Plastiki, rangi za ukuta, gundi, vioo vya plastiki, meno ya bandia, kucha za bandia: vingi vyake vinatoka kwa maji ya kemia yenye kuitwa monomeri. Fikiria monomeri kama watoto wa shule kwenye kiwanja. Kila mmoja iko peke yake, lakini mikono inawawasha. Mmoja akishika mwenzake, huyo anashika mwingine, na mwingine, mpaka munapata mustari mrefu usioachana. Mustari ule njo plastiki. Kiwanda kinataka washikane, ndiyo, lakini wakati kiwanda kinataka. Wakianza kushikana ndani ya tanki, ama ndani ya meli katikati ya bahari, kila mkono wenye kushika unatoa joto. Joto linaongeza mwendo. Mwendo unaongeza joto. Tanki inachemka, inatoa mvuke, inaweza kupasuka.

Njo maana wanaweka mlinzi ndani. Mlinzi anatembea kati ya watoto, na mkono wa kwanza wenye kunyooka anaukata mbio. Idrokinoni ni mmoja wa walinzi hao. Iko na ndugu zake wa ukoo mmoja, wenye majina marefu kuliko yake, wenye kufanya kazi ileile.

Sasa sikilizeni kipimo. Ndani ya tani moja ya monomeri wanaweka gramu makumi chache tu, mara nyingine gramu 100 ama 200. Gramu 100 ya sukari haijazi hata glasi ya chai. Na kipimo kile hakiwekwi kwa macho. Kuna mtu wa labo mwenye kupima. Kuna kitabu cha kuandika kipimo. Kuna kipimo cha joto kwenye tanki. Mlinzi anaisha polepole siku kwa siku, kwa hiyo wanapima tena na tena.

Na wakisahau? Tarehe 7 Mei 2020, mji wa Visakhapatnam, kule India, tanki ya stairini ilichemka usiku ndani ya kiwanda cha plastiki. Kiwanda kilikuwa kimesimama juu ya korona. Mvuke ulitoka, ukaingia kwenye nyumba za watu wenye kulala. Watu 12 walikufa, mamia walipelekwa hospitali. Serikali ya jimbo la Andhra Pradesh iliunda tume. Tume iliangalia kila kitu, na kati ya makosa yenye ilitaja, moja lilikuwa hili: mlinzi, ndugu wa idrokinoni, alikuwa kidogo ndani ya tanki. Maana yake nini? Kwamba duniani kuna watu wenye kazi ya kuhesabu gramu za mlinzi huyu, na wakikosea, wanaulizwa.

Wekeni hiyo kichwani. Tunarudi nyumbani.

HESABU YA NGOZI

Krema ya asilimia 2, yenye watu wanaita "ya kawaida", iko na gramu 2 za idrokinoni ndani ya kila gramu 100. Ukitengeneza tani moja ya krema ile, umeweka kilo 20. Tanki ya monomeri: gramu 100 kwa tani. Krema ya ngozi ya binadamu: gramu 20,000 kwa tani. Mara 200.

Tufanye hesabu nyingine, munaweza kuirudia kwenye simu. Mtu mzima akijipakaa mwili mzima mara moja, anatumia krema kama gramu 30. Kwa asilimia 2, hiyo ni gramu 0.6 za idrokinoni kwa siku. Mwaka mzima: gramu 219. Gramu zile, kwa kipimo cha gramu 100 kwa tani, zingelinda tani 2 za monomeri na zingebaki. Tani mbili! Kemia ya kulinda tani mbili za maji ya kiwanda, tunaipakaza kwenye mwili wa mtu mmoja wa kilo 60.

Na hiyo ni krema yenye etikete, kama etikete inasema kweli. Kopo la kuchanganya nyuma ya duka, asilimia yake inajulikana na nani? Mwenye kuchanganya mwenyewe anapima kwa kijiko na kwa jicho.

Njoo uone mambo ya kucha. Kucha za bandia za akriliki zenye dada zetu wanaweka salo zinatoka kwa monomeri, na mlinzi anaweza kuwa ndani pia. Sheria ya Ulaya inakubali idrokinoni kwa kucha hizo, lakini isipite asilimia 0.02, kwa mikono ya mtu wa kazi peke yake, na etikete iseme waziwazi: epuka isiguse ngozi. Sasa kwa krema ya kung'arisha ngozi, Ulaya inakubali asilimia ngapi? Sifuri. Imekatazwa tangu 2001. Ukucha, kitu kisicho na damu, unawekewa mpaka wa 0.02. Na shavu la dada wa Kadutu ama wa Kenya ya Lubumbashi linapewa 2, 4, ao ile Mungu peke yake anaijua.

Muko munaona? Hii si hadithi ya urembo tena. Ni hadithi ya nani anahesabiwa na nani hahesabiwi.

INAFANYA NINI NDANI YA NGOZI

Rangi yetu inatoka kwa chembe ndogo ndani ya ngozi zenye kutengeneza melanini. Melanini ni mwavuli. Inapokea jua mbele jua lifike ndani. Siye tuko chini ya ikweta, mwavuli huo hatukupewa kwa mapambo. Idrokinoni inaingia kwenye chembe zile na inafunga kazi yao. Inaweza hata kuziharibu. Rangi inapungua, mwavuli unatoboka, na jua la hapa kwetu halipungui hata kidogo.

Miezi ya kwanza mtu anafurahi. Anang'aa, watu wanamusifu. Kisha kwa wengine, nyuma ya miaka ya kupakaa, mambo yanageuka. Kwenye mifupa ya mashavu, kwenye paji na shingo, ngozi inaanza kuwa nyeusi ya bluu, na vipele vidogo kama punje za ulezi. Waganga wanaiita okronosi. Mtego wake uko hapa: mtu anaona weusi unarudi, anafikiri mafuta yamepungua nguvu, anaongeza. Kadiri anaongeza, njo inazidi. Na okronosi, kuitoa ni kazi nguvu sana. Kwa wengi haitoki.

Idrokinoni haitembei peke yake. Mara nyingi wanaichanganya na kortikoidi za nguvu. Angalieni neno clobetasol kwenye tibu. Ile ni dawa ya kweli ya magonjwa ya ngozi, ya siku chache, sehemu ndogo, kwa macho ya munganga. Ukiipakaa mwili mzima miaka, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi. Inachanika, inashika maambukizi, kidonda hakiponi mbio. Inaingia mpaka damu, inaweza kupandisha tension na sukari. Sasa fikirieni mama mwenye ngozi hiyo anafika kujifungua kwa kupasuliwa. Munganga anashona, uzi haushiki vizuri, kidonda kinachelewa kufunga. Familia inasema ni uchawi. Hapana, wandugu. Ni tibu.

Je, inaleta kansa? Tuseme kweli, juu uongo hausaidii mapambano. Kwa wanyama wa labo kuna ishara mbaya. Kwa binadamu haijathibitishwa. Viwandani etikete yake inasema inashukiwa kuleta kansa na kuharibu urithi wa chembe, na inaumiza macho vikali. Wafanyakazi wa zamani wenye kuvuta vumbi lake miaka mingi walipata macho ya rangi ya kahawia, na wengine waliharibika kuona. Njo maana leo mfanyakazi wa kiwanda anavaa miwani na mipira ya mikono mbele ya kuigusa. Anaigusa na mipira. Siye tunaipakaa na kiganja.

ILIANZA NA MIPIRA YA MIKONO

Munajua namna watu wa kemia walifahamu kwamba ukoo huu unaondoa rangi? Hawakutafuta urembo. Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1930, wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi za wanyama, wakiwemo Weusi, walianza kuona mikono yao inatoka madoa meupe, mpaka pale mipira ya mikono inaishia. Ndani ya mpira ule kulikuwa ndugu wa idrokinoni, aliwekwa pale ili mpira usizeeke mbio. Waganga waliandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1939, na waliuita kwa jina lake: ugonjwa wa kazi.

Angalieni vizuri. Kitu chenye kilikuwa ajali ya kazi kwa mwili wa mfanyakazi, biashara ilikigeuza kuwa bidhaa ya kuuzia mwili wa Mweusi. Jana doa lilikuwa ushahidi wa kosa la kiwanda. Kesho yake likawa tangazo.

Afrika Kusini njo walilipa bei kubwa. Chini ya ubaguzi wa rangi, mahali ngozi iliamua utaishi wapi, utasoma wapi, utapanda basi gani, krema hizi ziliuzwa kwa mamilioni. Mwaka 1975 waganga wa ngozi wa kule waliandika juu ya wagonjwa wenye okronosi kutoka kwa idrokinoni. Serikali ilijaribu kwanza kuweka mpaka wa asilimia 2. Mpaka haukutosha, watu waliendelea kuharibika. Mwaka 1990, juu ya msukumo wa waganga na wanaharakati wenye kupigana na ubaguzi, wakakataza kabisa, na matangazo ya kung'arisha yakakatazwa pia.

Somo kwetu ni mbili. Ya kwanza: asilimia 2, yenye wauzaji wanaita salama, Afrika Kusini waliijaribu na wakaiacha. Ya pili: ushindi haukuanguka kutoka mbinguni. Munganga alileta ushahidi, kijana alileta kelele, vyote viwili vikaenda pamoja. Ghana nao walifuata mwaka 2016 kwa kusema sifuri. Marekani, tangu 2020, haiuzwi tena bila karatasi ya munganga.

MAJIBU KWA WENYE KUTUPINGA

Tunasikia sauti tayari. Tutazijibu moja moja.

"Ni mwili wake, ni chaguo lake." Sawa. Siye tunapigania uhuru kila siku, hatuwezi kuwa polisi wa vioo vya watu. Lakini chaguo linaomba kujua. Mtu mwenye kununua kopo lisilo na jina, lisilo na kipimo, lisilo na tarehe, amechagua nini? Amechaguliwa. Na pale anaona matangazo kila siku yenye kusema weupe ni usafi na weusi ni uchafu, chaguo hilo limetiwa mkono mbele hata afike sokoni.

"Hata waganga wanaiandika." Ndiyo, na hatufichi. Kuna waganga wenye kuiandika kwa madoa fulani ya uso: sehemu ndogo, miezi michache, mgonjwa anarudi kuonwa, anaambiwa ajifunike na jua. Hiyo ni dawa. Morfini pia ni dawa, lakini haiuzwi kwenye kikapu pembeni ya nyanya.

"Wamama wa soko watakula nini?" Swali hili ni la haki, na tunaliweka mbele. Mama mwenye kuuza tibu kumi kwenye meza si adui yetu. Hakutengeneza hiyo kitu, hakuipitisha duani, hata hawezi kusoma jina lake kwa vile limeandikwa kwa lugha yenye hakufundishwa. Kila mara Leta inataka kuonyesha kwamba inafanya kazi, inamwaga meza ya mama na kuacha depo ya tajiri. Tunasema: ianze na depo. Makartoni hayaruki juu ya ziwa kama ndege. Yanapita mpaka, yanapita bandari, yanapita mikono ya watu wenye sahihi na muhuri.

"Nchi iko na vita, munatuletea mambo ya krema?" Ndugu, vita inachukua miili yetu kwa risasi. Hatukubali miili yenye kubaki ichukuliwe kwa tibu. Leta yenye haiwezi kulinda ngozi ya raia dhidi ya kartoni, itamlinda dhidi ya nini? Na mwenye kuzoea kufumba jicho mbele ya kartoni, kesho atafumba jicho mbele ya silaha. Mlango ni uleule, na tabia ni ileile.

"Munatukana dada zetu." Hapana na hapana. Mwenye kumucheka dada mwenye mashavu ya bluu barabarani, huyo hayuko wa kwetu. Tulikuta dunia yenye ilishapanga rangi mbele tuzaliwe: mkoloni alipanga, na siye tulirithi mpango wake mpaka kwenye utani wa nyumbani. Kila mara unamwambia mtoto "wewe ni mweusi sana, hautapata bwana", umeuza tibu moja bila kulipwa komisyo.

TUNACHODAI

Kwenye barabara za Katanga, lori la asidi linabeba alama ya hatari nyuma, kila dereva na kila mtoto wa njia anaitambua. Asidi iko na alama. Idrokinoni kiwandani iko na alama. Ikifika kwenye ngozi ya Mkongomani, alama inapotea, inabaki picha ya binti mwenye kucheka. Njo maana tunadai:

1. Wizara ya Afya itangaze, kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, majina ya krema zote zenye idrokinoni na kortikoidi za nguvu, pamoja na picha zake. Orodha ipite radio za mitaa, makanisa, misikiti na mashule. Karatasi ya kukataza yenye kulala kwenye kabati ya Kinshasa haimuponyi mtu.

2. OCC, ambayo kazi yake ni kupima ubora wa vitu vyenye kuingia nchini, ipime krema kwenye labo na itoe majibu mbele ya raia kila miezi mitatu: kartoni ngapi zilipimwa, ngapi zilikataliwa, zilienda wapi. Kiwanda kinajua gramu ngapi ziko ndani ya tanki yake. Tunataka kujua gramu ngapi ziko ndani ya kopo letu.

3. Duani na wenye depo waulizwe kwanza. Mwenye kuleta kontena alipe kuliko mwenye kuuza kijiko. Na wamama wenye kuuza wapewe muda na njia ya kubadilisha bidhaa, wasipigwe, wasinyang'anywe mtaji.

4. Matangazo ya kung'arisha ngozi yatoke kwenye radio, televisheni na mabango. Wanamuziki na wachekeshaji wenye kuchukua pesa za matangazo haya, tunawaambia kwa heshima: muko munakula ngozi ya wenye kuwapenda.

5. Kila hospitali kubwa ya jimbo iwe na siku ya bure ya ngozi, mahali mtu anakuja bila kuchekwa. Mtu mwenye kuacha anahitaji msaada kuliko hotuba.

NA SIYE, TUANZE KESHO

Madai bila mikono ni kelele. Basi kila mmoja wetu afanye mambo haya.

Geuza tibu. Tafuta maneno haya: hydroquinone, quinol, 1,4-dihydroxybenzene, clobetasol. Kama etikete haina orodha ya vitu vya ndani, usinunue. Mwenye kuficha iko na sababu ya kuficha.

Piga picha ya etikete, si ya mtu. Hatutaki picha ya uso wa dada yeyote mwenye kuumia itembee kwenye simu. Uso ni wake. Etikete njo ushahidi.

Kama umetumia kortikoidi muda mrefu, usiache kwa siku moja juu ya hasira ya tamko hili. Mwili unaweza kukurudi vibaya. Ona munganga, upunguze na yeye. Jifunike na jua: kofia, kitambaa, kivuli. Na kama uko na mimba ama unangoja kupasuliwa, mwambie munganga kweli yote. Kuficha kunaweza kukugharimu kuliko aibu.

Wenye salo, wenye farmasi, wanafunzi wa kemia na wa udaktari wa UNILU, wa UOB, wa UNIGOM, wa UNIKIS: tunawahitaji. Munajua kusoma jina refu na kulieleza kwa lugha ya mama. Njooni kwenye mitaa na hesabu ile ya gramu 219. Hakuna hotuba ya maadili yenye nguvu kuliko hesabu hiyo mbele ya mtu mwenye akili. Na watu wetu wako na akili.

Wandugu, kemia haina dhambi. Mlinzi wa tanki, ndani ya tanki, anaokoa maisha; watu wa Visakhapatnam walikufa, na upungufu wake ulikuwa kati ya sababu. Dhambi iko kwa mtu mwenye kujua kwamba gramu 100 kwa tani zinatosha kwa plastiki, kisha anasaini kilo 20 kwa tani zipite kwenda kwa ngozi ya raia wake. Plastiki iko na mwenye kuitetea, juu iko na bei. Ngozi yetu nayo iwe na wenye kuitetea. Wenye kuitetea ni siye.

Hatutanyamaza mpaka kopo la mwisho lisilo na jina litoke kwenye soko la mwisho. Bila jiwe, bila fimbo, na etikete mkononi.

Vijana, simameni. Ngozi yetu, haki yetu!